Somo la Kwanza la Sanaa Lianzie Pemba

Mwaka 1984 udongo wa Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya maji kutoka Wete, ulitoa hazina ya sarafu ambayo wanahistoria wa Bahari ya Hindi hawajaacha kuizungumzia mpaka leo. Zilikuwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za mbali, na umri wake ni wa karne ya 11. Hizo za fedha ni ndogo na nyepesi mno. Ukiifumbata moja, hutaihisi mkononi. Upande mmoja pana jina la mtawala, kwa mfano Ali bin al-Hassan. Upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno ya pande zote mbili yamepangwa yakapatana kwa vina. Fundi aliyechonga muhuri wa kuzipigia ilimlazimu ayachonge maneno hayo kinyume, katika nafasi finyu kabisa, ili yakishapigwa kwenye fedha yasomeke sawasawa.

Kijana wa Wete anayemaliza kidato cha sita, kama amewahi kusikia habari hizi, amezisikia kama habari za biashara: kwamba watu wa hapa walibadilishana mali na Misri na Uarabuni. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Hajawahi kuulizwa fundi yule aliyagawaje maneno katika duara dogo kama lile. Hajaulizwa kwa nini mtawala alitaka jina lake liwe na vina, wala mtu asiyejua kusoma aliitambuaje sarafu halali sokoni. Maswali hayo ndiyo yanayoulizwa wiki za mwanzo katika vyuo vinavyofundisha sanaa, na majibu yake yamelala kwetu.

Hoja yangu ni nyepesi kuisema na nzito kuitekeleza. Kozi ya mwaka wa kwanza ya sanaa, kwa maana ya somo la kuchora na kutengeneza kwa mkono pamoja na somo la historia ya sanaa, inaweza kufundishwa Pemba kwa vitu vya Pemba, na ikafikia kiwango cha chuo chochote duniani. Vifaa vipo. Walimu wengi nao wapo, ingawa hakuna aliyewahi kuwaita walimu.

Kozi ya namna hiyo ina asili yake. Mwaka 1919 skuli ya Bauhaus ilipofunguliwa Weimar, Ujerumani, Johannes Itten alianzisha somo la lazima la miezi sita kwa kila mwanafunzi mpya. Kabla ya kuchagua useremala, ufumaji au uashi, mwanafunzi alipaswa kujifunza mstari, umbo, rangi, mwanga na kivuli, na tabia ya kila mali ghafi. Baadaye Josef Albers alilichukua somo hilo akaligeuza kuwa mazoezi makali. Aliwapa wanafunzi karatasi tupu na kuwataka wagundue karatasi inaweza kufanya nini ikikunjwa na kukatwa, bila kipande kupotea bure. Albers alihamia Marekani mwaka 1933, na mafunzo yale yakasambaa naye. Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sanaa, awe Chicago, Nairobi au Dar es Salaam, anapita njia iliyochongwa kwa kiasi kikubwa na watu wale.

Upande wa historia, njia ilichongwa na vitabu. Helen Gardner alitoa chake Marekani mwaka 1926. E. H. Gombrich alitoa chake London mwaka 1950, na H. W. Janson akafuata mwaka 1962. Vitabu hivyo vimefundisha vizazi na vizazi, na mengi yaliyomo ni ya thamani. Lakini toleo la kwanza la Janson halikuwa na msanii mwanamke hata mmoja, na Afrika, ukiiondoa Misri ya kale, ilipewa nafasi ya kupita tu. Mwanafunzi wa Pemba akikabidhiwa kitabu hicho kama mlango wake wa kwanza, atafika mwisho akiamini kwamba sanaa ni ya watu wengine, na kwamba bibi yake anayesuka mikeka Kojani au Konde anafanya kazi ya nyumbani tu.

Mjadala wa wapi pa kuanzia si mpya Afrika Mashariki. Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Kampala mwaka 1937, nyumbani kwake, kabla darasa hilo halijawa skuli ya sanaa ya Makerere. Msimamo wake ulikuwa kwamba mwanafunzi wa Kiafrika asijazwe picha za Ulaya. Alimsimulia hadithi, akamwacha achore anachokiona moyoni, na akamhimiza atazame ufinyanzi, ususi na uchongaji wa kwao. Mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walichapisha kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za Uganda, kinachoeleza ngoma, vikapu na mitumbwi kwa undani wa kitaaluma. Alipostaafu mwaka 1958, nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, naye akageuza usukani: wanafunzi wakafundishwa historia ya sanaa ya Ulaya na nadharia ya rangi, waijue dunia nzima.

Nani alikuwa sahihi? Mimi naona Trowell aliona vizuri mahali pa kuanzia, ila alikosea kudhani mwanafunzi ataharibika akiona picha za watu wengine. Tazama matunda yenyewe. Sam Ntiro, Mchagga wa Machame aliyezaliwa mwaka 1923, alisoma kwa Trowell, akaenda skuli ya sanaa ya Slade huko London, akarudi kufundisha Makerere, kisha akawa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Hakuacha kuchora migomba, mavuno na harusi za Kilimanjaro. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika Museum of Modern Art ya New York. Elimo Njau wa Marangu alipita Makerere pia, akachora ukutani mwa kanisa la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu yakitendeka katika vilima vya Wakikuyu. Wote wawili waliiona dunia, lakini walikuwa na pa kusimamia.

Basi tujiulize Mpemba asimamie wapi.

Mimi ningeanzia Ras Mkumbuu. Rasi hiyo imejitokeza baharini magharibi ya Chake Chake, na mgeni hufika kwa urahisi zaidi kwa mashua kutoka Wesha. Yakut al-Hamawi, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, aliitaja Pemba kwa jina la Kisiwa cha Kijani akaandika kwamba kina miji miwili, na majina aliyoyataja yanalingana na Mtambwe na Mkumbuu. James Kirkman alichimba hapo miaka ya 1950, na mwaka 1966 Peter Garlake akakiweka kisiwa katika kitabu chake kikubwa cha majengo ya Kiislamu ya pwani yetu. Bado yapo magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo.

Katika somo la historia ya sanaa, kazi ya kwanza haiwi kusoma kitabu. Kazi ya kwanza ni kutazama na kueleza. Mwanafunzi husimamishwa mbele ya kitu kimoja na kuambiwa aandike anachokiona, bila kutaja tarehe wala maana. Fikiria darasa la vijana limekaa mbele ya kaburi la nguzo. Wataandika kwamba nguzo imesimama upande mmoja wa kaburi, si katikati. Wataandika kwamba ukuta umegawanywa katika vijumba vya mstatili kwa mistari iliyochongwa, kwamba jua la asubuhi linaviingiza vijumba hivyo kivulini na la mchana linavifuta. Yatakuja maswali ya mkono na mali ghafi. Jiwe gani hili linalochongeka laini hivi? Ni tumbawe la baharini, linalokatwa likiwa bichi chini ya maji. Likiwa na unyevu hukubali tindo. Likikauka juani huwa gumu. Kwa hiyo mchongaji alikuwa na muda wake wa kufanya kazi, na akichelewa jiwe linamkatalia. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe yale yale. Jengo zima lilitoka baharini.

Paa je? Lilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kama mita mbili na nusu hadi tatu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili ni virefu na vyembamba, kutoka Lamu hadi Kilwa. Mwalimu wa sanaa akilifikisha darasa hapo, amekwishafundisha jambo ambalo vyuo vingi hulifundisha kwa picha za ukutani: kwamba umbo linazaliwa na mali ghafi, na kwamba uzuri wa jengo hauanzi siku ya kupaka nakshi.

Halafu kuna bakuli. Makaburi ya nguzo ya pwani, kutoka Kunduchi hadi Mambrui, yalipambwa kwa bakuli na sahani za kaure kutoka China zilizopachikwa kwenye chokaa. Nyingi zimeng'olewa, yakabaki mashimo ya mviringo. Hilo pekee ni somo la muhula. Bakuli lililotengenezwa China kwa ajili ya chakula limefikaje kuwa jicho la kaburi la Mswahili? Limebadilika maana wapi, njiani au hapa? Wanafunzi wa historia ya sanaa Marekani hufundishwa habari hiyo katika mihadhara ya sanaa ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2017 jumba la sanaa la Krannert, Chuo Kikuu cha Illinois, lilifungua maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili yaliyosimamiwa na Prita Meier na Allyson Purpura, na mwaka uliofuata yakahamia Smithsonian, Washington. Nafurahi sana kwamba jambo hilo lilifanyika. Ningefurahi zaidi kama mwanafunzi wa Mkoani angepata nafasi ya kujifunza mambo hayo hayo akiwa na mahali penyewe mbele ya macho yake.

Pujini ni somo jingine. Kila mtoto wa Pemba amesimuliwa habari za Mkama Ndume, mtawala katili aliyewafanya watu wabebe mawe ya ujenzi huku wakijisukuma kwa makalio. Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia alichimba hapo, na kilichotoka ni zaidi ya ngome ya mkatili. Kuna chumba cha chini ya ardhi, na ukutani mwake mafundi walifinyanga kwa chokaa umbo la siwa, baragumu ya enzi. Siwa zenyewe, ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, watu huzitazama katika makumbusho ya Lamu. Hapa Pemba tunayo picha ya siwa iliyofanywa na mtu wa zama zake, gizani, mahali ambapo wachache waliruhusiwa kushuka. Kwa nini uifiche alama ya ufalme chini ya ardhi? Mwanafunzi anayeweza kuandika kurasa tano za kujibu swali hilo, kwa ushahidi na kwa utulivu, ameshavuka kizingiti cha mwaka wa kwanza.

Ningeweza kuendelea: Chwaka ya Tumbe na msikiti wake, makaburi ya Haruni anayesimuliwa kuwa wa ukoo wa Mkama Ndume, na mji wa Tumbe ulio mkongwe zaidi ambako LaViolette na Jeffrey Fleisher walipata vigae vya vyungu na bakuli za karne ya 7 hadi ya 10. Kwa kulinganisha, darasa livuke hadi Kizimkazi, Unguja, likaone mihirabu yenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107. Na Chake Chake kwenyewe ngome ya zamani ndiyo makumbusho ya Pemba. Darasa la kwanza lingeweza kukaa humo humo.

Lakini nusu ya pili ya kozi, ile ya mkono, ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu huko ndiko walimu walikosahauliwa.

Chukua ukili. Mwanamke huchagua ukindu mchanga, ule ambao haujafunguka, akauanika mpaka weupe wake ukamridhisha, akauchana kwa upana mmoja. Upana ukikosewa hapo, mkeka wote utapinda. Huchemsha maji ya rangi, akatumbukiza fungu moja baada ya jingine: jekundu, zambarau, kijani, jeusi. Fungu jingine huliacha na rangi yake ya asili, kwa sababu bila weupe huo rangi nyingine hazisemi kitu. Kisha hukaa akasuka, majani yakipishana mshazari, na anapotaka ua hubadilisha mpango wa kupishana: jani linaruka mawili badala ya moja, au la rangi linaingia mahali pa jeupe. Hana karatasi yenye mchoro. Mchoro wote ameuhesabu kichwani. Ukili ukishafika pima za kutosha hushonwa ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo fundi hutambulikana, maana ua lililokatika ukingoni mwa ukili mmoja sharti likutane na mwenzake ukingoni mwa wa pili. Lisipokutana, kila anayeuketia mkeka huo anaona.

Ukilisoma zoezi la karatasi la Albers, kisha ukamtazama mama huyu, utaona ni akili ileile inayofanya kazi. Kuna mali ghafi moja yenye tabia yake, kanuni chache, na uhuru unaopatikana ndani ya kanuni hizo. Nadharia ya rangi ambayo wanafunzi wa Ulaya hujifunza kwa vipande vya karatasi, kwamba rangi moja hubadilika kwa jirani yake, msusi anaijua kwa vitendo. Zambarau yake akiiweka kando ya nyekundu huzama, akiiweka kando ya nyeupe huruka. Wiki nne za kusuka chini ya mwalimu wa namna hiyo, huku mhadhiri akisaidia wanafunzi kuandika na kuchora wanachojifunza, zingekuwa msingi imara kuliko wiki nne za kunakili chupa na tufaha.

Nasema hivi nikijua kwamba jamvi na mkeka bado ni vitu vya kazi kisiwani. Msimu wa karafuu, majamvi ndiyo yanayotandazwa uani na kando ya barabara, na karafuu mbichi hugeuka kutoka kijani na wekundu hadi kahawia juu yake. Hakuna ubaya mwanafunzi wa rangi kupewa kazi ya kuchora jamvi moja la karafuu siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, akatafuta kwa penseli zake za rangi kahawia ngapi zimo mle ndani.

Kanga nayo isisahauliwe. Ina pindo, ina mji, ina jina. Mchoraji wa kanga anafanya kazi ndani ya mstatili wenye kanuni kali kuliko turubai ya mchoraji wa Paris, na bado kila mwaka hutoka kanga ambayo watu huigombania. Mwanafunzi apewe mstatili huo, rangi tatu, na aandike jina lake mwenyewe. Atajifunza mpangilio, herufi, mrudio wa mapambo na hadhira kwa pamoja. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, amefanya hivyo kwa miaka mingi: kanga imeingia katika picha zake na maneno yake. Mwaka 2017 alitunukiwa tuzo ya sanaa ya Turner Prize, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mama yake alifanya kazi ya usanifu wa vitambaa, na binti akawa profesa wa sanaa. Sioni kwa nini safari kutoka kitambaa hadi chuo kikuu iwe lazima ipitie Uingereza.

Zipo pia kofia za mkono, ambazo wanawake wengi wa Pemba huzitoboa na kuzishona vitundu kwa vitundu kwa wiki kadhaa, na hina ya maharusi ambamo mkono mzima hugawanywa kwa mizabibu na maua bila kifutio. Mikono iliyozoea kazi hizi ikishika penseli, haianzi sifuri.

Kuna wasiwasi mmoja ambao mtu mwaminifu hawezi kuukwepa. Wazazi wengi wa Pemba watauliza kuhusu kuchora viumbe wenye roho. Swali hilo ni la heshima na lijibiwe kwa heshima, tena kabla ya mtoto kusajiliwa. Kozi ya mwaka wa kwanza inaweza kupangwa yote juu ya jiometri, mimea, majengo, vyombo, mandhari na hati, na isipungukiwe na elimu hata kidogo. Hati peke yake inatosha mwaka. Vizazi vya watoto wa kisiwa hiki walijifunza herufi kwa ubao na wino wa masizi, na mkono uliopitia huko unajua uzito wa mstari. Wakati huohuo, somo la historia liseme ukweli wa yaliyopo: hamamu za Kidichi, alizojengewa Shehrzad mke wa Seyyid Said mwaka 1850, zina ndege katika nakshi zake za chokaa, milango ya Mji Mkongwe ina samaki waliochongwa, na katika kuta za Kilwa na Gede watu wa zamani walikwaruza picha za vyombo vya baharini. Waislamu wa pwani walishauriana juu ya jambo hili kwa karne nyingi na kila kizazi kikapata namna yake. Mwanafunzi ayajue mashauriano hayo, kisha yeye na wazee wake wachague.

Swali la pili la mzazi ni la riziki. Atakula nini? Nalijibu kwa tukio moja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika ukarabati. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kila jumba lililomo linahitaji mtu anayejua chokaa, boriti, nakshi na kumbukumbu za michoro. Pemba yenyewe ina magofu mengi yanayoliwa na mizizi. Wageni wanaotembezwa Ras Mkumbuu wanahitaji mtembezaji anayeweza kueleza anachokiona, si kukariri tarehe. Skuli zinahitaji walimu wa sanaa. Msusi anayejua kuichora kazi yake, kuieleza na kuiwekea bei hatamuuzia mchuuzi mkeka wa mwezi mzima kwa fedha ya siku mbili. Siahidi utajiri. Nasema kazi ipo, na mafundi wa kuifanya wanapungua kila mzee anapotutoka.

Kwa sasa, kijana wa Pemba anayetaka digrii ya sanaa za kuchora na ubunifu hupiga hesabu ya boti, ya chumba cha kupanga na ya maisha ya bara: Dar es Salaam, ambako chuo kikuu kina idara ya sanaa za ubunifu, au Dodoma. Bagamoyo ipo TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Kwa familia nyingi hesabu hiyo haifiki mwisho, na kwa msichana hukatika mapema zaidi. Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi Mchanga Mdogo, hapa hapa kisiwani, ambako walimu wanaandaliwa. Mwalimu mwanafunzi aliyepitia kozi moja ya kuchora na moja ya historia ya sanaa ya pwani angeibeba mpaka Micheweni na Makangale, na darasa lake la watoto lisingekuwa tena la kukariri tu.

Wapo watakaosema tusubiri jengo, studio yenye mwanga wa kaskazini, meza na mashine. Trowell alianzia nyumbani kwake. Mwaka 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianza Unguja kikiwa kidogo, kwa ala na walimu waliokuwapo, wazee wa taarabu wakikaa na vijana chumba kimoja, na leo kizazi cha wapigaji kanuni, udi na fidla kimepita mikononi mwake. Muziki ulipata mlango wake. Kuchora, kusuka na kuchonga bado vinasubiri.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, kila moja kwa mwenyewe. Chuo Kikuu cha Taifa kianze na kozi mbili tu Mchanga Mdogo, muhula mmoja kila moja, zihesabike katika alama za mwanafunzi kama kozi nyingine, na msusi anayefundisha alipwe kwa saa kama anavyolipwa mhadhiri wa muda. Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale ifungue ngome ya Chake Chake kwa darasa hilo, na itoe picha nzuri za sarafu za Mtambwe ili watoto wa Mtambwe wazione. Na wewe msomaji uliye Pemba, kama nyumbani kwako kuna mkeka wa bibi, mlango wa zamani, msahafu ulioandikwa kwa mkono au kanga ya miaka iliyopita, usiutupe wala usimuuzie mpita njia kabla hujaandika ulitoka wapi, nani aliutengeneza na mwaka gani. Karatasi hiyo itahitajika darasani.